Kiti cha Mbele

Mume wangu Maige anatengeneza meno. Usicheke. Kila mtu hucheka nikisema hivyo, mpaka siku yake ifike. Ana chumba kimoja karibu na soko, hapa Bariadi. Anapima ufizi kwa nta, anamimina plasta, anachanganya unga wa rangi ya waridi na maji yake makali ambayo harufu yake hunifuata mpaka kwenye ugali, na baada ya siku tatu bibi aliyekuwa hawezi kutafuna hata kiazi anatoka pale anacheka njia nzima. Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na minne. Ni mpole mpaka anakera. Anaweza kusugua jino moja saa nzima, ukimwambia, Maige, maji yamekatika, anakujibu, eeh. Nimegombana naye sana kwa hiyo "eeh" yake, na nitagombana naye tena.

Ila wiki ile ya mwezi wa sita sikugombana naye hata kidogo. Niliogopa.

Mdogo wake, Joakim, alikuwa rubani. Mtoto wa kuchunga ng'ombe kule nje ya Lagangabilili, akasoma mpaka akarusha ndege za kunyunyizia dawa, zile zinazotumwa wale ndege waharibifu, kwelea kwelea, wakivamia mpunga. Mwezi wa nne ndege yake ikaanguka kwenye majaruba ya mpunga, naye akafa palepale. Mdogo wangu mimi, Luhende, ndiye aliyefanya naye kazi. Luhende alichanganya dawa na kuijaza kwenye tanki la ndege kwa pampu, na kazi hiyo alitafutiwa na Joakim mwenyewe, kwa ajili ya ushemeji. Siku ile alibaki chini uwanjani. Alimwona Joakim akiruka, hakumwona akirudi.

Mama mkwe wangu, Ng'washi, haoni. Macho yalimwishia, huu ni mwaka wa tano. Alimzika mwanawe kwa kupapasa jeneza, na hakulia. Watu wakasema mama huyu ana moyo wa chuma. Mimi nikasema kimoyomoyo, hapana, kuna kitu anakitunza. Na kweli. Mwezi wa sita ulipoanza alikwenda kwa mganga, akarudi na neno moja: ndani ya ile ndege walikuwa wawili. Mmoja alitoka kwa uchawi wake kabla haijaanguka, akamwacha mwenzake afe. Na huyo wa pili angekuwa nani kama si Luhende? Mimi alinitumia salamu kwa kijana wa bodaboda, maneno manne tu: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Huku kwetu neno hilo si la mchezo. Jumapili ukoo ungekaa. Mama akimtaja Luhende mbele ya wazee, shauri linakwenda kwa sungusungu, na sungusungu wakiamua, mtu anatengwa. Hasalimiwi. Hapewi moto wala maji. Ng'ombe wake hawanywi na wa wenzake, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu ndogo. Ile kubwa tunaijua wote na mdomo wangu hautaitaja. Luhende ana mke na watoto watatu, na tayari alikuwa amehamia kwa rafiki yake Binza, kule Maswa, anaogopa kulala kwake.

Maige akaenda kwa mama yake.

"Mayu, ndege ya Joakim ilikuwa na kiti kimoja tu."

"Uliiona?"

"Niliona picha."

"Mimi picha hazinisaidii," mama akasema. "Niletee niishike. Nikishika kiti kimoja, Jumapili nitanyamaza."

Aishike ndege! Mabaki yalishabebwa zamani, na nilipompigia simu bosi wa kule kazini kwa Joakim aliniuliza kama nina akili timamu. Ndipo Maige akakumbuka boksi. Joakim alipokuwa chuoni alinunua ndege ya plastiki ya kuunganisha, vipande vipande, aina ileile aliyokuja kuirusha. Hakuwahi kuifungua. Ilikuwa ndani ya sanduku lake la nguo, na Jumanne Maige akaileta kwenye meza yake ya meno, tukaifungua wote wawili. Mabawa ni yale. Magurudumu ni yale. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu Maige akasoma maandishi ya pembeni mwa boksi, akakaa chini.

"Nini?"

"Hii ni ya kufundishia."

"Ndiyo nini?"

"Ina viti viwili, Violeth."

Kumbe ndege hiyo hutengenezwa kwa namna mbili. Ile ya kazi ina tanki la dawa mbele ya rubani. Ile ya kufundishia wameondoa tanki, na mahali pake wameweka kiti cha mwalimu. Kwa nje zinafanana kama mapacha, isipokuwa hilo shimo la mbele. Na ndani ya shimo hilo ndimo kidole cha mama kingeingia, mbele ya wazee wote, na mdogo wangu angekuwa amekwisha.

"Itupe," nikamwambia. "Itie kwenye moto sasa hivi."

"Nitaigeuza iwe kama ya Joakim."

"Kugeuza ni kumdanganya mama yako."

"Kuiacha hivi ndiko kumdanganya," akasema. "Ndege ya Joakim haikuwa na shimo hili."

Nikafunga mlango wa mbele, nikawaambia wateja fundi anaumwa.

Jumatano aliunganisha mwili wa ndege, kisha akafanya kile anachokifanya kila siku ya Mungu. Akachanganya unga wa waridi na maji yake, akamimina moja kwa moja kwenye shimo, kama anavyojaza pengo la jino. Hakufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Lakini maji yale hayana urafiki na plastiki ya namna ile. Yakaanza kuila. Na unga ule ukiganda hutoa joto, basi mgongo wa ndege ukalainika mbele ya macho yetu, ukabonyea, bawa la kushoto likalala. Nilipiga kelele. Maige hakupiga kelele, alichomoa ule uji kwa kijiko chake cha plasta, kidole kikaungua, akaifunga ndege nzima kwa uzi juu ya penseli mbili kama mguu wa kuku uliovunjika. Tukasubiri hadi Alhamisi bila kuigusa. Alhamisi bawa lilikuwa limesimama, ila si kama mwanzo, na ndege nyingine hatukuwa nayo.

Safari hii alikwenda taratibu. Alichukua kipimo cha shimo kwa nta, akatengeneza kifuniko pembeni, ndani ya plasta, kikagandia huko huko. Ijumaa akakipachika kwa gundi kidogo. Kilikuwa cha waridi, maana rangi nyingine hana. Ndege yenye ufizi! Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Kifuniko cha tanki alikichonga kutoka kwenye gego la bandia, na mabomba ya kunyunyizia chini ya mabawa yalikuwa vijiti vya kusafishia masikio. Ndani ya boksi mlikuwa na marubani wawili wadogo, kama punje za mahindi. Mmoja alimkalisha mahali pake. Wa pili nilimchukua nikamtia kwenye jiko la mkaa, na wakati akiyeyuka nikajisikia vibaya, kama mtu anayeficha kitu. Jumamosi alikuwa akisugua tu. Msasa mkali, msasa laini, kitambaa, mashine. Nikapitisha kidole changu kwenye kiungo, sikusikia chochote.

"Hapashikiki," nikasema.

"Eeh," akasema, na uso wake ukang'aa kidogo.

Jumapili mchana tulifika Lagangabilili kwa pikipiki, ndege nimeipakata ndani ya kanga. Wazee kumi na wawili walishakaa uani. Baba mdogo Mabula, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuwa na fimbo yake mapajani. Luhende naye alikuja. Nilimkataza, Maige akasema asipokuja atakuwa amejihukumu. Alikaa karibu na zizi, peke yake, hakuna aliyemsogezea kigoda.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama.

Hakuitikia. Akanyoosha mikono.

Mikono ile naijua. Mama Ng'washi amechambua pamba maisha yake yote, na hata baada ya macho kuondoka anakaa na lundo mbele yake, anatenga pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, na hakosei. Maige akaiweka ndege mapajani mwake. Akaanza na mabawa, polepole. Akafika kwenye vijiti.

"Haya?"

"Mabomba ya dawa, mayu."

Magurudumu akayahesabu. Akapanda juu, mpaka kwenye kile kichwa kidogo. Kidole kikasimama pale.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mayu."

Alikishika muda mrefu. Halafu kidole kikaenda mbele, juu ya tanki, kikapita. Kidole kikarudi. Kikapita tena. Kikaenda ubavuni, kikarudi palepale.

"Maige."

"Mayu."

"Huku kote kuna vijistari na vijipele vya misumari. Hapa panateleza kama jino. Hii ni kazi ya mkono wako. Umeziba nini?"

Ee Mungu wangu. Alikuwa amesugua kama anavyosugua meno, maana jino lenye mkwaruzo mdogo linaumiza ufizi, na miaka yote mkono wake umefundishwa usiache alama. Hakuna aliyemwambia kwamba ndege lazima iwe na vijipele. Nilimfinya mguu. Sema ni tanki! Sema tanki huwa laini! Ilikuwa rahisi namna hiyo, na nani angembishia?

"Shimo, mayu," akasema mume wangu. "Palikuwa na kiti cha pili. Nimekiziba."

Uani kukalipuka. Mmoja akasimama, mwingine akasema si mmesikia, si mmesikia wenyewe! Mabula akapiga fimbo chini mara tatu. Nilitamani kumuua Maige kwa mikono yangu, na nilikuwa nalia, na nilikuwa namtazama Luhende kule zizini nikimwambia kwa macho, kimbia.

"Nyamazeni," mama akasema. "Zibua."

Maige akatoa kisu chake cha nta. Kifuniko kililia kah! kikatoka, cha waridi kama ulimi, wazee wakarudi nyuma. Mama akaingiza kidole ndani ya shimo.

"Kiti."

"Kiti cha mwalimu. Ndege hii ni ya kufundishia, mayu, sikupata nyingine. Ya Joakim mahali hapo palikuwa na tanki la dawa. Nilitaka uishike ilivyokuwa."

"Nani anasema palikuwa na tanki?"

Maige alikuwa ameona picha tu. Ndege yenyewe hakuwahi kuiona.

"Mimi, mayu." Luhende alikuwa amesimama. Alikuja katikati ya wazee. "Mimi ndiye niliyelijaza. Asubuhi ile nilijaza mpaka mdomoni, nikafunga kifuniko kwa mikono yangu. Mtu angekaa wapi hapo? Angekaa ndani ya sumu."

"Lete mikono yako."

Luhende akapiga magoti. Mama akaishika, akaigeuza, akapapasa viganja. Ngozi yake ilikuwa imebabuka kwa ile dawa, vidole vimepasukapasuka, kucha mbili hazipo. Mimi dada yake sikuwa nimewahi kuitazama vizuri. Mama aliipapasa kama anavyopapasa pamba, kidole kwa kidole.

"Mbele yake kulikuwa na sumu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma ni bati na nyaya. Hapakaliki."

"Pembeni?"

"Hakuna mtu, mayu."

"Kwa hiyo alikuwa peke yake."

Mabula alikuwa anatazama chini.

"Maige, nakuuliza wewe uliyekubali kuumbuka mbele ya watu. Mdogo wako alikuwa peke yake?"

"Peke yake, mayu."

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipolia. Tangu mwezi wa nne hakuwa ametoa chozi, na sasa sauti ilimtoka kama ya ng'ombe anayelilia ndama, mpaka wazee wakavua kofia. Nikaenda kumshika, akanisukuma. Mikono ya Luhende hakuiachia.

"Mimi nilitaka awe na mtu," alikuwa akisema. "Mnanisikia? Nilitaka tu awe na mtu mle ndani. Hata kama ni mchawi. Hata mchawi angemsikia akiita."

Mabula akasema kikao kimekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Maige alikuwa amekaa chini na kile kifuniko mkononi. Nikakaa karibu naye, nikamwegemea mbele ya baba zake wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Mama akajifuta uso kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Luhende, kaa hapa karibu," akasema. "Wewe ndiye mtu wa mwisho kuwa naye. Nieleze tangu asubuhi. Alikula nini?"

"Michembe ya viazi, mayu."

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

"Alimaliza?"

"Alimaliza yake, akala na yangu."