Ngitili ya Majini

Salome alizaliwa Kishapu na kukua akimwona baba yake akifunga ngitili, eneo la nyasi lisiloguswa, kila masika, ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Alipoolewa katika mwalo wa wavuvi wa Lwenge, upande wa Geita, alikuta ziwa nalo lina malisho: nyasi zilizojificha chini ya maji, wanamozalia sato, wala hakuna aliyezifunga. Jambo hilo lilimkera hata akajifunza kurusha droni ya kikundi cha ulinzi wa mwalo, azichore kwenye ramani.

Asubuhi hii ilikuwa ya mwisho ya kupiga picha. Mchana kijiji kingeamua kama Onesmo, mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, achimbe kwenye mteremko wa ghuba bwawa la kutupia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki. Onesmo alikuwa na ramani yake, iliyotokana na picha zilizopigwa jua likiwa utosini, ziwa likimeta kama bati jipya. Juu yake imeandikwa "maji matupu". Mng'ao wa jua umegeuzwa ushahidi!

Picha ya kweli hutaka jua la chini na maji yaliyotulia. Salome alifika ufukweni mbio, akaganda. Alama za chokaa alizochora majabalini, za kuoanisha picha na ardhi, zilikuwa zimefunikwa na dagaa wabichi.

"Shikamoo, Mama Januari."

"Marahaba," alijibu Bhoke, mkubwa wa waanika dagaa. "Mtu wa ng'ombe wewe, nani alikutuma uchore kwenye meza yetu?"

Wanawake wakacheka. Mzaliwa wa mwalo asingethubutu kosa lile.

"Nimekosea, mama. Naomba muwaondoe. Upepo unakuja."

"Niwaanike mchangani, wawe chakula cha kuku? Na sato wako mimi siwavui."

"Zebaki haiulizi huyu sato, huyu dagaa. Ikishuka humu, nani atanunua chochote cha Lwenge?"

Bhoke alitazama ziwa. Mbali, maji yalianza kukunjamana.

"Mwanao si yuko makarashani kwa Onesmo?" mmoja alimkumbusha.

"Yuko. Jioni atakula mawe?" Akainama, akaanza kuzoa dagaa.

Droni ikapaa. Kabla haijamaliza, upepo ukafika. Nusu ya ghuba ikapotea katika mawimbi.

Mkutanoni, ramani ya Salome ilikuwa nusu kijani, nusu nyeupe.

"Basi hiyo nyeupe ni yangu!" Onesmo alicheka.

"Paka kijani tu," Boaz wa kikundi alikuwa amemnong'oneza kabla ya mkutano. "Sote tunajua nyasi zipo." Salome alikuwa amekataa.

Sasa alisimama. "Nyeupe haisemi hakuna kitu. Inasema hatujaona. Lakini hapa penye kijani, ramani ya Onesmo inasema patupu. Picha yake ilipigwa saa ngapi?"

Mwenyekiti alimgeukia mpimaji wa Onesmo.

"Saa saba," mpimaji alijibu kwa sauti ndogo.

Bwawa likazuiwa mpaka ghuba nzima ionekane.

Kesho yake alfajiri, majabali yalikuwa matupu. Bhoke alisimama kando, beseni kichwani.

"Rusha upesi," alisema. "Dagaa wangu hawana subira kama ng'ombe wa kwenu."