Pai ya Unga wa Mchele

Binti yangu hawezi ngano; akiila, tumbo humlaza siku kadhaa. Alipokuwa mdogo niliyaita hayo maringo, nikamlazimisha kula chapati. Alipoolewa mbali, hakuja tena kula kwangu hapa Garsen.

Mwaka huu alikuja. Nilitaka ale chakula changu bila hofu, hata mara moja tu. Nikasagisha mchele, nikaukanda unga wake kwa siagi na yai, nikajaza matufaha na mdalasini, nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Pai ikatoka nzima.

Akacheka. “Baba, siku hizi wewe ndiye mpishi? Wazee wenzako wa Minjila wakikuona!” Akachota kijiko, kisha akakishusha. “Mbona haikuganda? Sufuria uliipaka nini?”

“Mafuta tu, na unga kidogo wa…” Sikumaliza. Mkono wangu ulikuwa umenyunyiza ngano kwa mazoea, kama ninavyofanya nikioka mkate.

“Haidhuru, Baba,” alisema kwa upole, akajimiminia chai.

Angenigombeza ningepata nafuu. Lakini alisema kama mtu ambaye hakuwa ametarajia jingine kutoka kwangu.