Siku Baba Aliposimamishwa na Rap

Sogea hapa, mwanangu, nikuelezee harusi ya dada yangu mkubwa, pale Kapata, mtaa wetu wa wachimba shaba. Hata leo, na hizi mvi zangu, nikiikumbuka moyo unaniruka.

Violon, hii fidla yangu, nilifundishwa na masista tangu utotoni. Baba, mfanyakazi wa mgodi, alininunulia yangu mwenyewe, na kila Jumapili alikuja kanisani mapema kunisikiliza. Halafu nikakutana na Patou, kijana aliyechimba shaba Mutoshi mchana na kurap jioni. Siku niliyopiga violon chini ya maneno yake, ee mama wee! Nilijua nimepata kazi yangu ya maisha. Watu wa Fungurume walituita, wakatuita tena.

Baba akasikia. Alikuwa mpole, lakini siku ile alipiga meza. "Hii violon nilinunua ya kanisa! Nikisikia tena uko na bale bantu ba rap, naipeleka kwa masista. Na baraka yangu usiitafute."

Kwetu watu wa Kasai, kutoka nyumbani bila baraka ya baba si mchezo. Unatembea na hofu, hata ukijifanya jasiri. Mi nilijifanya. Nikafunga mzigo kimyakimya niende Lubumbashi kutafuta muziki.

Shangazi akanikamata mlangoni. Yeye, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyeimba kasala ya ukoo wetu: kwenye harusi na misiba alitaja majina ya mababu mbio mbio, karibu bila kupumua, mpaka mwenye kusifiwa asimame. Na ukiitwa kwa kasala yako, unasimama. Ukibaki umekaa ni kama umewakana wazee wako mbele ya watu.

"Unakimbia wapi, weye mutoto?" akaniuliza. "Mu ile muziki yenu, mulishaka kutia jina ya baba yako? Hata moja?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa atasikia nini, kama si makelele? Niletee ule kijana."

Nikatua mzigo, nikamleta. Patou ni wa Bandundu, mbali na kwetu, lugha yetu hakujua hata salamu. Shangazi alimfundisha kasala jikoni huku akisonga bukari, na kila alipokosea babu mmoja alimgonga goti kwa mwiko. Maskini, alishuka shimoni Mutoshi akitaja babu zangu, wenzake wakadhani amelogwa!

Harusi ikafika. Nikapiga wimbo wa kanisa, bibi harusi akaingia, Baba akatabasamu. Kisha Patou akashika mikro. Baba alipomtambua akakunja uso, akaninyooshea mkono nimpe violon. Nikajua nikiendelea naweza kupoteza violon na baba kwa siku moja. Nikashusha upinde kwenye nyuzi nene, nikaikaza midundo, na Patou akaanza kumwaga majina.

Wazee wote waligeuka kumtazama Baba. Jina la kwanza, akashusha mkono. La pili, akainamisha kichwa. La tatu lilikuwa la babu yake, Ilunga, aliyeletwa kwa treni kuchimba shaba hii na akazikwa hapa hapa. Baba akasimama. Akasimama, mwanangu! Machozi yanamtoka, mabega yanacheza, wamama wanapiga vigelegele, na mi nalia huku napiga. Sijawahi kupiga vizuri vile tena, na nimepiga kwenye majukwaa makubwa.

Tulipomaliza akanijia. "Nani alimupatia huyu kijana jina ya babu yangu?"

Nikamwonyesha Shangazi. Baba akamtazama, akaanza kucheka. "Yaya, dada yangu, umenifunga!" Halafu akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wazee wetu wanavyobariki, akasema, "Enda. Piga. Lakini Jumapili unarudi kanisani." Na nilirudi, sana tu.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayegombana na wazazi kwa ajili ya muziki, au kazi yoyote wasiyoijua: usiondoke kwa kujificha. Kwanza waingize ndani ya hicho unachokipenda, kwa majina yao na kwa lugha yao, ukitoa jasho kujifunza kama Patou. Pengine watakataa hata hivyo. Lakini watakuwa wamekusikia, na wewe hutakuwa umetoroka.

Mungu akupe mkono usiochoka na sikio la kusikia wakubwa. Nakubariki, mutoto wangu. Sasa amuka, enda ukawapigie!