Wati Mia Saba na Hamsini za Mdomo

Kosa lilikuwa langu, mdomo ndio ulioniponza. Fundi wa Kariakoo aliponiunganishia kompyuta kutoka kwenye maiti tatu za kompyuta za ofisini, kitu kipya pekee ndani yake kilikuwa pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme. Ubavuni imeandikwa wati 750. Nikazunguka Mchafukoge nzima nikiitangaza hiyo namba kama mtu aliyepata mtoto.

Habari zikamfikia mwenye nyumba wetu. Wapangaji wote tunachangia mita moja ya umeme, na siku zile uniti zilikuwa zinaisha kabla hazijaizoea nyumba. Akaja mlangoni, akaipokea shikamoo yangu kwa marahaba fupi, akamwambia mama kwamba mashine ya wati mia saba na hamsini itoke kwake kabla wiki haijaisha.

Nikajitetea kwamba ile namba ni mwisho wa uwezo wake, siyo inachokula.

"Mkokoteni unaweza kubeba magunia kumi, mama," nikamwambia. "Leo umebeba godoro moja tu."

"Mwezi mzima unatutangazia magunia," mama akasema. "Leo limekuwa godoro?"

Ikaamuliwa tupime. Wapangaji wakazima kila kitu, hadi mafriji, na mwenye nyumba akaweka kigoda mbele ya mita. Ile mita ina taa nyekundu inayokonyeza. Umeme ukiliwa sana, inakonyeza haraka. Nikawasha kompyuta. Taa ikakonyeza, ikapumzika, ikatafakari maisha, ikakonyeza tena. Mwenye nyumba akahisi namchezea, akaagiza niweke gemu la kupigana. Feni ikapiga kelele, taa ikachangamka kidogo, basi. Nikawa naomba kimoyomoyo kompyuta yangu ionekane dhaifu, tena mbele ya washikaji wawili niliowaapia kwamba nikiiwasha, taa za mtaa zinafifia. Walikuwa wameegemea mlango, wanacheka mpaka wanashikana.

"Kumbe kanakula kama kifaranga," mwenye nyumba akasema, karibu kwa huruma.

Ningekausha hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini nikataka waone mlaji mwenyewe, kwa hiyo nikachukua pasi ya mama nikaichomeka peke yake. Taa ikakonyeza kama jicho lililoingia pilipili. Mwenye nyumba akasogeza kigoda, akauliza taratibu hiyo pasi huwa inawashwa mara ngapi kwa wiki. Mimi nikaangalia dari. Mama akaniangalia mimi.

Kompyuta imebaki. Pasi za umeme zimepigwa marufuku nyumba nzima. Mama akanunua pasi ya mkaa, na wapangaji, ambao hawajawahi kukubaliana hata zamu ya kufagia uani, wakakubaliana kwa dakika moja nani atawanyooshea nguo. Kila Jumamosi nipo uani napuliza makaa, majivu puani, mashati ya nyumba nzima mbele yangu, na kompyuta ndani imezimwa, haili hata wati moja.