Mbuzi Wanane wa Leo

Mradi wa kwanza niliowahi kuupigia hesabu kwa dhati ni mahari yangu mwenyewe. Nasema bila aibu, maana waliokuwepo siku ile bado wananicheka kila nikipita Kasongo, na nimeshawazoea.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza mwaka wa tatu wa masomo ya usimamizi katika chuo kimoja pale Kasongo. Katika yote tuliyofundishwa, kitu kimoja kilinipanda kichwani: hesabu ya thamani ya leo. Mwalimu alisema faranga elfu moja utakayopewa mwakani si sawa na faranga elfu moja uliyonayo mkononi, kwa sababu hii ya mkononi unaweza kuipa kazi ikazaa, na ile nyingine bado iko kwa watu. Ukitaka kujua fedha ya mwakani ina uzito gani leo, unaigawanya kwa kiwango ambacho fedha yako ingekua ungekuwa nayo sasa. Ndiyo yote. Nilitoka darasani nimefurahi kama mtoto aliyeonyeshwa mahali sukari inapofichwa.

Tangu hapo hakuna aliyepumzika. Mama akinunua chumvi kwa kikombe, nampigia hesabu ya gunia. Wanakwaya walipotaka kuchangia sare kwa miezi kumi, niliwaonyesha kwamba mchango wa mwezi wa kumi ni mwepesi kuliko wa kwanza, na wote wakataka kulipa mwezi wa kumi. Kiongozi wa kwaya alinikanya. Nilimwelewa, ila sikuacha.

Mchumba wangu naye hakupona. Alikuwa mfanyabiashara mdogo wa Kabambare, mtu wa pikipiki, anayebeba mchele na mafuta ya mawese kwa zile barabara zetu ambazo mvua ikinyesha ni wewe unayeibeba pikipiki. Nilimpenda kwa kiasi cha kuchekesha. Nikisikia injini yoyote barabarani nilikuwa nasimama, hata kama ni mashine ya kusaga ya jirani.

Siku moja aliniambia kuna mtu Kasongo anauza mashine ya kukoboa mpunga, imetumika lakini nzima. Alitaka kuiweka Wamaza, ambako wanawake wengi bado wanatwanga kwa kinu. Aliniuliza, "Wewe mwenye unajua hesabu, hii kitu iko muzuri?" Nilikaa na kalamu mchana mzima. Mafuta ya kuendeshea, vipuri, mtu wa kuisimamia, miezi isiyo na mpunga, mapato ya miaka mitatu yote nikayarudisha kwenye thamani ya leo. Mradi ulitoka mzuri sana. Nilimwambia anunue bila kuchelewa, na nikajisifu kwa wenzangu kwa wiki nzima.

Kitu kimoja sikumuuliza: fedha ya kununulia mashine inatoka wapi.

Jibu nililipata siku ujumbe wa ukoo wake ulipokuja nyumbani kuzungumzia mahari, yaani mali, kama tunavyosema kwetu. Walikaa uani: baba yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa mpunga, mdogo wake ambaye ni baba yangu mdogo na anafuga mbuzi, na mjomba wangu, kaka wa mama. Upande wa pili alikaa mchumba wangu, macho chini, pamoja na mjomba wake aliyekuwa msemaji. Mimi na mama tulikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo kwa makusudi.

Msemaji akaanza kwa heshima zote. "Bakwe zetu, mutoto wetu iko na njia mbili. Anaweza kuleta mbuzi munane sasa, harusi ifanyike kisha mavuno. Ao munamungojea miaka mbili, anunue mashini ya mpunga na ile feza, kisha analeta mbuzi kumi na sita."

Jikoni nilishika mwiko nikasahau kukoroga. Miaka miwili. Mradi niliousifu kwa kinywa changu ulikuwa unanila mwenyewe. Nilimkasirikia mchumba wangu kwa kutoniambia, nikajikasirikia mimi kwa kutouliza, na mboga ikaungua.

Kwa kawaida binti hasemi neno katika mazungumzo ya mahari yake. Lakini baba yangu alikuwa amelipa karo miaka mitatu, akaona siku ya kufaidi imefika. Akaniita mimi, bintiye, kwa sauti, "Mama, kuja na ile mashini yako ya kuhesabu. Utuambie gani iko na faida."

Mama alinitazama, akanifunga kitenge vizuri, akanisukuma nje.

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya wanaume wote wale na kikokotoo mapajani. Nilijua ninachotaka: kuolewa baada ya mavuno, si baada ya miaka miwili. Na nilijua, kwa sababu ndilo somo lenyewe, kwamba kila kitu kinategemea kiwango. Ukisema mbuzi wanaongezeka haraka, wanane wa leo wanawashinda kumi na sita wa baadaye. Ukisema wanaongezeka polepole, inakuwa kinyume. Basi nikachagua kiwango cha haraka, nikakitangaza kwa sauti ya mwalimu wangu: nusu nzima kila mwaka. Wanane wanakuwa kumi na wawili, kisha kumi na wanane. Kwa hiyo mbuzi kumi na sita wa baada ya miaka miwili, kwa thamani ya leo, ni mbuzi saba na kipande cha mguu.

"Tuchukue munane ya leo," nikamaliza, na nikaanza kuinuka.

"Ngoja kwanza," alisema baba mdogo. "Ile makumi tano kwa mia, ulitoa wapi?"

"Mbuzi anazaa mara nyingi, baba."

"Na kufa anakufa mara ngapi? Mbuzi ya mu kitabu haigonjwe? Hapana wezi? Hapana wageni?" Aliwageukia wengine. "Mwaka jana nilikuwa na munane. Leo iko kumi. Ndio mbuzi ya Kasongo hiyo."

Wanane hadi kumi: robo kwa mwaka. Hakuna aliyeweza kubishana na mtu anayelala karibu na zizi. Nilibonyeza upya, nikitumaini kikokotoo kitanionea huruma. Hakikunionea. Kwa kiwango cha robo, wale kumi na sita wana thamani ya mbuzi kumi na robo leo, na kumi na robo ni zaidi ya wanane. Kungoja kulikuwa kumeshinda, kwa hesabu yangu, kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi. Niliona mchumba wangu anainua macho kwa mara ya kwanza, ananitazama, na macho yake yamejaa msiba. Nilihisi machozi yananijia.

Ndipo mjomba wangu akakohoa. Huyu mjomba, kila tunapokusanyika, kabla hajagusa chai hukumbusha jambo lile lile: kwamba mahari ya dada yake haijaisha, baba yangu bado ana deni la mbuzi watatu, miaka ishirini na sita sasa. Watu hucheka, baba hucheka, chai inanywewa. Siku ile nayo alilisema. "Mbele ya kuhesabu mali ya mutoto, tusisahau mali ya mama yake. Mbuzi yangu tatu."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza. Kama mbuzi wangekabidhiwa mwaka ule, kwa mjomba wangeongezeka robo kila mwaka, kiwango ambacho baba mdogo mwenyewe amekithibitisha. Nikabonyeza mara ishirini na sita, nikizidisha kwa tatu mwishoni. Niliangalia namba, nikaiangalia tena, na kitu kama kizunguzungu cha furaha kikanishika.

"Baba," nikasema, "kwa hesabu ya baba mudogo, deni ya mjomba si mbuzi tatu. Leo iko mbuzi mia tisa makumi tisa na mbili."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Sema tena, pole pole."

Nikasema tena, pole pole.

"Na kwa ile hesabu yako ya kwanza?" aliuliza msemaji wa upande wa pili, ambaye kwa kweli hayakumhusu.

Nikabonyeza. "Elfu mia moja na kumi na tatu, na zaidi kidogo."

Wa kwanza kuanguka alikuwa baba mdogo. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, akakaa mchangani. Mjomba akasimama akaanza kupima ua kwa hatua, akionyesha mbuzi wa kwanza atafungwa wapi, na foleni itapita kanisani, ishike njia ya Lusangi, na watu wa kule waanze kuuliza kuna vita gani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akitaka kujua kama yeye ndiye mwenye thamani ya mbuzi elfu moja kasoro wanane, na kwa nini basi hajanunuliwa viatu. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, na mchumba wangu akacheka akinitazama, na nikajua kwamba mtu huyu simngoji miaka miwili kwa kiwango chochote.

Baba alijifuta macho. "Funga ile kitu," akaniambia.

Mjomba ndiye aliyemaliza shauri. Alisema kijana alete mbuzi watatu tu sasa. Hao watapita mikononi mwa baba na kuja kwake moja kwa moja, naye ataisamehe ile foleni yote. Harusi ifanyike baada ya mavuno, mashine inunuliwe, na watano waliobaki waje mashine ikishazaa. Mbuzi watatu mchumba wangu aliweza kuwapata kwa mama yake bila kugusa fedha ya mashine. Baba aliuliza kama hao watano nao wataongezeka kwa kila mwaka wa kuchelewa, watu wote wakapiga kelele ya hapana, na chai ikanywewa.

Kesho yake asubuhi nilimfuata baba shambani kupalilia. Bado nilikuwa nacheka peke yangu kila baada ya hatua chache. Yeye alipalilia bila kucheka. Tulipofika katikati ya shamba akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ile makumi tano kwa mia. Ulijua si kweli?"

Nikamwambia ukweli. "Nilijua, baba. Nilitaka kwenda."

Akang'oa magugu kidogo. "Hata mimi sikusema kweli. Mbuzi kumi na sita sikuitaka. Ningeiweka wapi? Nilitaka ile miaka mbili."

Miaka miwili ile nilikuwa nimeipima pande zote, nikaigawanya na kuizidisha, na kumbe kuna mtu aliyeitaka hivyo hivyo ilivyo, na mimi nikiwa ndani yake, nikipalilia naye na kuunguza mboga. Tuliendelea hadi jua likawa kali. Nilikuwa nimeacha kucheka.

Siku ya Jumapili mchumba wangu alikuja na pikipiki, furaha tele, akasema kila kitu kiko tayari, hakuna haja ya kungoja mavuno yaishe, harusi inaweza kuwa wiki ile yanapoanza. Nilimwomba tungoje mpaka yaishe kabisa. Alishangaa, maana anajua nilivyokuwa na haraka. Nilimwambia mpunga wa baba mwaka huu ni mwingi, nataka tuukate wote pamoja.