Sweta ya Njano

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, mwanangu, theluji ya Saint Paul, huku Marekani, ilipokuwa ikipanda juu badala ya kushuka. Usicheke. Najua mkija Jumapili kula mnanong'ona kwamba shosho, bibi yenu huyu, ameanza hadithi zake. Hii sijawahi kukusimulia. Jana uliniletea masanduku mawili ya nguo za Musa, ukaniomba niyafiche chumba cha chini kwa sababu mama yako anatua Ijumaa kutoka Nakuru, naye hajui kwamba wewe na Musa ni wapenzi na mnaishi pamoja. Ulipoondoka nililia kidogo, kisha nikaketi kuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi na Atieno tulikuwa tumeishi pamoja miaka minne katika nyumba ndogo huko Richfield, ndege zikitupita juu ya paa kutwa kucha. Sote tulifanya kazi ya kutunza wazee, yeye zamu ya asubuhi, mimi ya jioni. Kila Jumamosi alinisuka. Msuko wa mwisho, nyuma ya sikio la kushoto, aliuelekeza kinyume na mingine. Alisema hiyo ndiyo sahihi yake, nikipotea watu wajue wa kumrudishia.

Basi mama yangu akaja kututembelea kutoka Nyeri. Kabla hajafika nilishusha picha zetu ukutani, nikahamishia nguo za Atieno stoo, nikamwonyesha kochi. Mama alipoingia nikasema, "Huyu ni Atieno, mpangaji mwenzangu." Atieno akamsalimia kwa mikono miwili, akampokea begi.

Wiki ya pili watu wa kanisani wakaja kumwona Mama. Atieno alishinda jikoni akipika samaki. Tukaomba, tukala, tukaimba, wala sikumwita mezani, maana niliogopa macho yangu yangenisaliti. Nilipopeleka sahani jikoni nilimkuta akila amesimama kando ya jiko. Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Hakunisuka. Alikunja nguo.

"Njeri, kulala kwa kochi si neno," aliniambia polepole, Mama asisikie. "Lakini mimi si mgeni hapa. Nime-book basi ya Chicago, ya saa kumi. Usini-drop, nitajipeleka."

Nami, mwanangu, nilifanya nini? Nilivaa koti nikaenda kazini. Aibu ilikuwa imenifanya mjinga.

Unayajua yale madaraja ya vioo yanayounganisha majengo katikati ya Saint Paul, tunayovukia barabara bila kugandishwa na baridi. Lile langu la kwendea kazini nililizoea, hatua thelathini tu. Siku ile nilitembea, nikatembea, halikwisha. Magari chini yalinyamaza. Theluji ikaanza kupanda, taratibu, ikirudi ilikotoka. Mbele yangu kulikuwa na benchi ambalo halikuwapo jana yake, na bibi mzee ameketi, mvi tupu, amesukwa vizuri. Nyuma ya sikio lake la kushoto msuko mmoja ulielekea kinyume.

Nilishika nywele zangu mwenyewe.

"Keti, Njeri," akasema, na sauti ilikuwa yangu, imekwaruzika tu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umemgeuza mgeni mtu aliyeshika jembe miaka minne."

Nikamwambia niliogopa kumpoteza Mama. Hakunibembeleza. Akatoa mkobani simu nyembamba kama kigae, ya kioo kitupu, kitu ambacho wakati ule hakikuwapo duniani, akanionyesha picha. Meza ndefu, ugali, na vijana wengi wakicheka. Katikati tulikuwa mimi na Atieno, tumezeeka.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Watoto wako. Hukuzaa hata mmoja. Wengine walifukuzwa kwao, wengine wako mbali na kwao tu. Undugu ni kufaana, si kufanana. Lakini nani ataketi kwenye nyumba ambayo mwenyewe anakula amesimama? Nenda."

Nikakimbia. Daraja lilirudi kuwa la hatua thelathini. Nikapanda basi kurudi Richfield, na Atieno nilimkuta kituoni karibu na nyumba, begi miguuni, kope zimeganda. Nikamwomba msamaha, nikamwuliza kama alitaka Mama ajue.

"Leo ndiyo unaniuliza?" akasema. Lakini akanipa begi nibebe.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Jioni ileile alihamia kwa binamu yangu aliyeishi Plymouth, na miaka sita hakunipigia simu. Iliniuma, sitakudanganya, na mpaka leo inaniuma. Mwaka wa saba simu ikalia, akauliza kama Atieno bado anapika wale samaki. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nilikaribia kuwakosa ninyi nyote.

Sikuambii umweleze mama yako kila kitu Ijumaa. Siri ni yako, na wakati wake waujua wewe. Ila usimfanye anayekupenda mgeni nyumbani kwake, wala usimpangie pa kujificha bila kumwuliza. Mkiamua kunyamaza, nyamazeni wawili, na mle meza moja.

Kuna jambo jingine. Jana sanduku moja lilifunguka, nikaona sweta ya njano yenye vifungo vya mbao. Naijua. Niliiona kwenye picha ile ya darajani karibu miaka arobaini iliyopita, imevaliwa na kijana mwenye ndevu, mkono wake uko begani kwako. Musa sijakutana naye, lakini nimemngoja muda mrefu. Picha ile haijapigwa bado. Simu ninayo, mvi ninazo, na Atieno, kwa vidole vyake vilivyokakamaa hivyohivyo, bado ananisuka. Isipopigwa, nitaenda darajani kumwonyesha yule Njeri wa miaka ishirini na tisa nini?

Mama yako sikumwona pichani. Lakini sote tulikuwa tukimchekea aliyekuwa akitupiga picha, na sijawahi kujua alikuwa nani.

Njoo uchukue masanduku. Mungu awape meza pana na wa kuizunguka, awape ujasiri wa kuulizana, na mama yako atue salama. Sweta nimeikunja, iko juu kabisa.