Kamera Husitiriwa

Mwanangu, ipo siku moja ya masika pale Raskazone ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Leo nimekuona na kamera yako mpya shingoni, unakwenda kupiga picha za harusi ufukweni na huku mawingu yametanda. Nikakuuliza mvua ikija utafanyaje. Ukacheka, ukasema, "Nitakimbia, mama mkubwa." Basi keti kidogo kabla hujakimbia.

Ujanani nilikuwa msaidizi wa Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyekuwa akipiga video kwenye sherehe za wanawake. Enzi hizo video ilikuwa ya kanda. Alitafutwa mji mzima, maana kwenye kupamba bibi harusi mwanamume haingii: wanawake huvua mabuibui, huachia nywele, hucheza mpaka jasho likawatoka. Bi Zuhura alirekodi, akatoa kanda nyumbani kwake, na kesho yake akamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Mtu mwingine haioni. Wazee wamesema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye, tuseme, alikuwa mwosha wa walio hai.

Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba, na pamoja nao mfuko mmoja mnene wa nailoni. Kila tukitoka kwake aliniambia, "Mvua ikija, isitiri kamera." Nilidhani ni Kiswahili chake cha kizamani tu. Kamera hufunikwa, nikijisemea. Kinachositiriwa ni mtu.

Siku hiyo sherehe ilikuwa uani, na ilifana kwelikweli. Walicheza hata wale ambao mjini huoni zaidi ya macho yao. Wakati wa kuondoka wenyeji wakanipakulia pilau, na chombo cha kuibebea sina. Nikafanya nini mimi? Nikautoa ule mfuko wa kamera, nikatia pilau humo, nikafunga fundo. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona, lakini tumbo la kijana halijui kusoma dalili.

Hatujafika mbali, mvua ikashuka kwa kishindo, na upepo wa baharini unaitupa ubavuni. Barabara ile ina nyumba kubwakubwa za zamani, mageti yamefungwa, hakuna hata baraza la kujibanza. Bi Zuhura akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Mfuko."

Nikampa. Akaushika, akausikia wa moto.

Mwanangu, sijapata kuona uso ukigeuka vile. "Pilau umeisitiri," akasema, "wake za watu umewaacha mvuani?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwa upole kwamba kamera ikiingia maji tutaipeleka kwa fundi.

"Ndiyo hilo!" akapiga ukelele. "Nikiifungua hapa maji yanaingia, na yakiingia kanda inanasa ndani, haitoki! Fundi aifungue, aitie kwenye televisheni aone kama imepona, na wenziwe wa kijiweni wanachungulia mlangoni. Lahaula! Watu wameniamini, mtoto we!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwaga pilau yote njiani, lakini mfuko ndani ulikuwa umejaa mafuta na mvuke, haufai tena. Nikabaki nimeushika.

Bi Zuhura akavua buibui lake.

Barabarani, mwanangu. Mchana kweupe. Chini yake alivaa gauni la sherehe, mikono wazi, nywele zimesukwa na asumini ndani yake. Akalikunja lile buibui, akaizungushia kamera mara nyingi, akaikumbatia kifuani na kuinama juu yake ili alowe yeye mgongo. Wanaume waliokuwa wakipita kwa baiskeli wakafunga breki. Mmoja akasema kwa sauti, "Astaghfirullahi! Si Bi Zuhura huyu?" Walimjua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Bi Zuhura, watu wanakuona!" nikalia.

Akanijibu huku anatembea. "Mimi ni mmoja. Humu ndani wamo wengi."

Nami nilikuwa na buibui mwilini. Nilipokumbuka kwamba ningeweza kulivua nimpe, tulikuwa tumeshafika mlangoni kwake.

Ndani hakuiwasha kamera. Aliipangusa kwa kitambaa kikavu, akaiacha ikae mpaka unyevu ukaisha. Kisha akabonyeza, na kanda ikatoka nzima. Siku ya pili akaipeleka kwa mwenyewe. Mji ukasema ulivyosema: kapagawa, kavua nguo njiani, mtu mzima ovyo. Kakake akaja kumgombeza mbele yangu. Akanyamaza kimya, kwani kujieleza kungekuwa kutaja kilichomo kwenye kanda, na kanda ni ya nyumba ya nani. Amefariki hajajitetea hata kwa neno moja.

Basi sikiliza. Mfuko wa kamera ni wa kamera, hata njaa ikikuuma vipi. Siku hizi ile mifuko ya nailoni imepigwa marufuku, kwa hiyo shonesha koti la kamera la kitambaa kisichopitisha maji, na taulo kavu isikutoke mkobani. Ukiona wingu, funika kwanza, halafu ndiyo ubishane na wingu. Ikilowa usiiwashe kujaribu kama nzima: izime, toa betri. Usiianike juani, wala usiizike kwenye mchele kama mnavyozika simu zenu, vumbi lake litakuharibia vyote vya ndani. Na kadi itoe mwenyewe, uitie mfukoni mwako, kabla fundi yeyote hajaigusa kamera. Kamera yenyewe inanunulika. Waliomo ndani yake wamekupa nyuso zao bila kukuandikisha mkataba, kwa kukuamini tu.

Nenda, wanakusubiri ufukweni. Mola akubarikie macho yako na mikono yako, na siku utakayokuwa huna cha kujifunika, akusitiri.